Mcheza Kwao: Walimu wa Taifa Stars Tangu Lagos, 1980

Kiswahili kina maneno mawili ya kumwita mtu anayesimama pembeni mwa uwanja wakati wengine wanacheza. La kwanza ni kocha, neno lililoingia pamoja na mpira wenyewe kutoka Kiingereza. La pili ni mwalimu, neno la chuoni na la skuli, ambalo lilikuwa limekwisha kukaa katika lugha kabla ya mpira kufika. Katika kijiji kama Mofu, ndani ya bonde la Kilombero mbele ya Ifakara, ambako masika huigeuza mbuga kuwa ziwa na wachezaji husubiri maji yarudi mtoni, timu haina kocha wa mkataba na mshahara. Ina mwalimu: mtu wa palepale, anayewajua vijana kwa majina ya wazazi wao, na ambaye kesho asubuhi atakutana nao tena shambani au darasani.

Maneno hayo mawili yanatosha kuisoma historia ya benchi la Taifa Stars. Tangu miaka ya sabini, timu ya taifa ya Tanzania imepita katika mikono ya makocha waliotoka Poland, Brazil, Denmark, Uholanzi, Nigeria, Burundi, Zambia, Algeria na Argentina. Baina yao, kama uzi baina ya shanga, wamepita walimu wazalendo. Wahenga walituachia methali mbili juu ya jambo hili. Moja yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: mcheza kwao hutunzwa. Ya kwanza imefuatwa kwa bidii kubwa. Ya pili ndiyo inayohitaji kuulizwa.

Bonde la Kilombero lina sababu nyingine ya kutajwa mwanzoni mwa habari hii. Joel Bendera, mtu ambaye Watanzania wengi humkumbuka kwanza kwa mpira, alipata kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, na Kilombero yote, Mofu ikiwamo, ilikuwa chini ya mamlaka yake. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wa Korogwe na Naibu Waziri katika wizara iliyosimamia michezo. Lakini vyeo hivyo vyote vilikuja baada ya kazi moja iliyomalizika katika mji wa Ndola, Zambia, mwezi wa Agosti 1979.

Mwaka huo nchi ilikuwa imetoka vitani. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yameingia Kampala mwezi wa Aprili, hazina ilikuwa tupu, na Rais mwenyewe alijulikana kwa jina la Mwalimu. Katika hali hiyo Taifa Stars ilikutana na Zambia kuwania nafasi ya kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Dar es Salaam Tanzania ilishinda 1-0. Ndola, Zambia ilitangulia kufunga, na dakika zikawa zinayoyoma, hadi Peter Tino aliposawazisha. Sare ya 1-1 ikatosha. Kwa mara ya kwanza Tanzania ilikuwa imefuzu.

Fainali zilichezwa Nigeria mwezi wa Machi 1980. Nahodha alikuwa Leodegar Tenga. Tanzania ilifungwa 3-1 na wenyeji, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja tu, na safari ikaishia hapo. Ila hapo ndipo linapozuka jambo la ajabu katika kumbukumbu. Nyumbani, ukiuliza ni nani aliyeipeleka timu Lagos, jibu ni Joel Bendera. Ukifungua orodha za takwimu zinazotunzwa nje, jina linaloandikwa mbele ya neno "kocha" ni la Mpoland, Slawomir Wolk. Orodha hizo mbili si lazima zigombane, kwani benchi moja huweza kuwa na watu wawili. Lakini jina moja limehifadhiwa kwa wino na la pili kwa midomo, na wapenzi wa ushairi katika pwani hii hawana haja ya kufundishwa tofauti yake. Ni tungo ngapi zimebaki kwa sababu aliyezisikia alizinakili, na ngapi zimezikwa pamoja na malenga wake?

Baada ya Lagos ukaja ukame. Vizazi viwili vya wachezaji vilipita bila kuiona tena fainali hiyo. Furaha ilitoka katika Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, ambalo Tanzania Bara ilikwisha kulitwaa mwaka 1974, ikalitwaa tena 1994, na ambalo Zanzibar ililitwaa mwaka 1995 huko Uganda. Makocha walikuja na kuondoka, na wengi wao leo hawakumbukwi ila na wachezaji wao.

Mwaka 2006 mambo yalibadilika. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliamua kugharimia mwalimu wa kigeni, na akaja Mbrazili, Marcio Maximo. Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, wakati huo alikuwa Leodegar Tenga, yuleyule nahodha wa Lagos. Bendera naye alikuwa Naibu Waziri aliyeshughulikia michezo. Kwa hiyo watu wawili wa mwaka 1980 walikuwapo mlangoni wakati mgeni anakaribishwa. Hapana haja ya kuona kinyongo hapo. Huenda ni wao waliojua zaidi kuliko wengine jinsi mwalimu asivyoweza kufika mbali kwa mikono mitupu.

Maximo alileta nidhamu, na alileta jambo ambalo halipimwi kwa mabao: aliwataka watu waje uwanjani na bendera za taifa, wakaja. Mashabiki waliozoea kugawanyika baina ya Simba na Yanga walijikuta wamekaa pamoja. Septemba 2007, katika uwanja mpya wa Dar es Salaam wenye viti 60,000, timu ilihitaji ushindi dhidi ya Msumbiji ili kubaki na tumaini la kufuzu, ikafungwa 1-0. Mwaka 2009 aliipeleka Ivory Coast katika mashindano ya kwanza ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani, na huko wakawafunga wenyeji 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa. Mabishano nayo hayakukosekana, hasa juu ya kuachwa kwa kipa Juma Kaseja. Hata hivyo alipewa kitu adimu, nacho ni muda. Alikaa miaka minne.

Wadenmark wawili wenye jina moja la ukoo wakamfuata. Jan Poulsen alitwaa Kombe la Chalenji mwaka 2010 hapo Dar es Salaam. Kim Poulsen, aliyeshika mwaka 2012, aliwafunga Zambia waliokuwa mabingwa wa Afrika, akawafunga Cameroon, na Machi 2013 akawafunga Morocco 3-1, lakini tiketi ya fainali haikupatikana. Mholanzi Mart Nooij alikuja mwaka 2014. Juni 2015, katika uwanja wa Amaan hapa Zanzibar, timu yake ilifungwa 3-0 na Uganda, na kazi yake ikaishia hapo.

Ndipo akaitwa mzalendo. Charles Boniface Mkwasa alishika timu katikati ya mwaka 2015. Aliwazuia Nigeria kwa sare tasa. Mwezi wa Novemba, Dar es Salaam, timu yake iliongoza kwa mabao 2-0 dhidi ya Algeria, ikamaliza 2-2. Siku chache baadaye, huko Blida, ikafungwa 7-0. Watu wengi wanazikumbuka saba kuliko wanavyoikumbuka ile sare. Salum Mayanga, aliyekuwa akiifundisha Mtibwa Sugar katika mashamba ya miwa ya Turiani, mkoani Morogoro, alimfuata mwaka 2017, na mwaka uliofuata akampisha mgeni. Huu ndio utaratibu uliojengeka: mgeni huletwa kwa matumaini, na mwenyeji huitwa kwa dharura. Mgeni hukabidhiwa mradi, mwenyeji hukabidhiwa pengo.

Haki itamkwe pia kwa wageni. Emmanuel Amunike wa Nigeria, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1994, ndiye aliyeuvunja ule ukame wa miaka 39. Novemba 2018 timu yake ilifungwa na Lesotho huko Maseru na wengi wakakata tamaa. Machi 24, 2019, Dar es Salaam, Uganda ikafungwa 3-0, na Lesotho ikashindwa kuifunga Cape Verde. Tanzania ikaenda Misri. Huko ilipoteza mechi zote tatu, na Amunike akaondoka Julai ileile. Mrundi Etienne Ndayiragije, kisha Kim Poulsen kwa mara ya pili, kisha Mzambia Honour Janza, wakapokezana kijiti hadi Machi 2023 alipokuja Adel Amrouche wa Algeria. Septemba 2023 akatoka sare tasa katika nchi aliyozaliwa, mjini Annaba, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya tatu.

Hapa inafaa kurudi nyuma hadi Disemba 2017. Tarehe 6 ya mwezi huo Joel Bendera alifariki dunia. Siku iliyofuata, huko Kenya, katika Kombe la Chalenji, Zanzibar Heroes iliifunga Tanzania Bara 2-1. Zanzibar ilikuwa imeupata uanachama wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, mwezi wa Machi na ikanyang'anywa mwezi wa Julai. Timu isiyokuwa na nchi katika daftari za CAF ikaenda hadi fainali, ikaitoa Uganda katika nusu fainali, ikatoka 2-2 na wenyeji Kenya, na ikashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Mwalimu wake alikuwa Hemed Suleiman, mwana wa visiwa hivi, anayejulikana kwa lakabu ya Morocco.

Miaka sita baadaye Hemed alikuwa msaidizi wa Amrouche katika fainali za Ivory Coast. Januari 17, 2024, Tanzania ilifungwa 3-0 na Morocco. Amrouche, kwa maneno aliyoyasema juu ya nguvu za Morocco ndani ya soka la Afrika, alifungiwa na CAF mechi nane, na TFF ikamsimamisha. Timu akakabidhiwa Hemed, na Juma Mgunda akawa msaidizi wake. Kwa mara nyingine mwenyeji aliitwa kuziba pengo, safari hii katikati ya mashindano yenyewe. Dhidi ya Zambia, Simon Msuva alifunga mapema, na Zambia ikasawazisha mwishoni, kana kwamba inadai deni la Ndola. Dhidi ya Kongo ikawa sare tasa. Pointi mbili, ambazo hakuna timu ya Tanzania iliyowahi kuzipata katika fainali hizo.

Baada ya hapo Hemed alifanya jambo ambalo halikufanywa na mzalendo tangu enzi za Bendera. Aliianza safari ya kufuzu akaimaliza mwenyewe. Guinea ilifungwa ugenini, Ethiopia ikafungwa, na Novemba 19, 2024, Dar es Salaam, bao la Msuva likaifunga Guinea tena na kuifungulia Tanzania mlango wa fainali za Morocco. Agosti 2025, Tanzania ikiwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, aliifikisha robo fainali, ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0.

Novemba 2025, mwezi mmoja kabla ya fainali alizozifuzia, TFF iliachana naye. Timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina, kwa muda. Gamondi akaifanya kazi yake: timu ilifungwa na Nigeria, ikatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza ikavuka hatua ya makundi, kabla ya kutolewa na wenyeji kwa bao moja Januari 2026. Matokeo hayo yasimnyime Gamondi sifa yake. Wala yasimnyime aliyelima shamba ambalo mwingine alilivuna.

Suala, basi, si uraia wa mwalimu. Waliofuzu na mgeni walifurahi sawa na waliofuzu na mwenyeji, na mpira wenyewe ulikuja kwa mashua. Suala ni kipimo. Mgeni hupimwa kwa mkataba, kwa miaka, kwa mechi alizoahidiwa. Mwenyeji hupimwa kwa mechi ya kesho. Na ikiwa kazi yake itazaa, huzaa mikononi mwa mwingine, na orodha za nje huandika jina la aliyekuwapo siku ya picha.

Ngoma ina manju wake, na wacheza ngoma hawamsahau, kwani nyimbo wanazoziimba ni zake. Mpira hauna wimbo wa namna hiyo. Alichokitunga mwalimu huchezwa dakika tisini kisha hutoweka, na kinachobaki ni matokeo na majina. Kwa hiyo majina lazima yaandikwe, na yaandikwe na wenyewe, kwa lugha yao: Bendera pamoja na Wolk, Mkwasa pamoja na Nooij, Hemed pamoja na Gamondi. Katika kijiji cha Mofu, maji ya masika yakisharudi mtoni, mwalimu ataokota mpira na kuwaita vijana kwa majina ya wazazi wao. Yeye hatatafutwa na orodha yoyote. Lakini wa taifa hawana sababu ya kupotea namna hiyo, maana kwao kalamu ipo na wino upo.