Peasi aina ya Kieffer: tunda la nyanda za juu linaloivishwa ndani ya ghala

Kieffer ni aina ya peasi iliyopatikana Philadelphia, Marekani, katika karne ya 19, kutokana na mchanganyiko wa peasi la Kichina na la Ulaya. Ilipewa jina la Peter Kieffer, mkuza miche ambaye mti wa kwanza uliota katika kitalu chake. Kwa maeneo yenye baridi ya wastani, kama Lushoto na Njombe, sifa yake kubwa ni kwamba mahitaji yake ya baridi ni madogo.

Mti wa peasi hupukutisha majani na kupumzika msimu wa baridi. Usipopata saa za kutosha zenye joto lililo chini ya nyuzi joto 7 za sentigredi, huchipua ovyo na kutoa maua machache. Aina ya Williams, maarufu Ulaya, huhitaji takriban saa 800. Kieffer hutosheka na takriban 350. Ni vyema mwananchi aulize jina la aina kabla ya kulipia mche, kwa kuwa mti usiofaa unaweza kupendeza shambani kwa miaka mingi bila kuzaa.

Mche uwe uliobebeshwa, na upandwe kwenye udongo usiotuamisha maji. Kieffer hujichavusha kwa kiasi, lakini huzaa zaidi ikiwa jirani na aina nyingine inayochanua wakati uleule.

Walaji wengi hulilaumu tunda hili kuwa ni gumu na lina chembechembe zinazokwaruza ulimi. Chembechembe ni za asili yake. Ugumu, kwa sehemu kubwa, hutokana na uivishaji mbaya. Peasi huiva kuanzia ndani, hivyo likiachwa lilainike mtini, kiini huwa kimekwisha kuharibika. Huchumwa likiwa gumu: liinuliwe taratibu, na kikonyo kikiachia tawi kwa urahisi, limekomaa. Kisha litandazwe ghalani katika nyuzi joto 16 hadi 18 kwa wiki mbili hadi tatu. Kwenye joto kali haliivi vizuri, na ladha hupotea. Kwa hiyo mzigo uliochumwa leo na kupelekwa Dar es Salaam kesho utafika sokoni ukiwa umepoteza nafasi ya kuiva. Mahali pa kuivishia ni hukohuko milimani.

Kwa jamu, au vipande vilivyochemshwa kwa sukari na kuhifadhiwa kwenye chupa, ugumu huohuo ni faida: vipande havirojeki.