Roboti Ikifungwa, Roboti Akifa

“Hii roboti nimeifunga makombora mazito, ila akiingia uwanjani anakufa haraka.”

Aliyesema hivyo ni kijana wa miaka 13 hivi, kwenye kibanda cha gemu mjini Sumbawanga, kichwa amekiinamisha kwenye simu na koti amelifunga hadi kidevuni. Mwalimu wa sarufi angeikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu: *hii*, *nimeifunga*, halafu ghafla *akiingia*, *anakufa*. Jina moja limetumbukizwa katika ngeli mbili na pumzi haijavutwa. Mwenziwe aliitikia tu kwa kichwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesahihisha, na mimi niliyekwenda pale kumtafuta mpwa wangu nilibaki nimesimama mlangoni nikiitafakari sentensi kama mtu aliyeokota sarafu ya zamani.

Kibanda chenyewe ni kama vingine vyote. Runinga mbili zina mpira, kwa sababu mpira ndio unaolipa kodi ya pango. Wenye pedi wamekaa kwenye benchi, wanaosubiri zamu wamesimama nyuma yao wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Wa roboti ni wachache na hukaa pembeni na simu zao. Mchezo waliokuwa nao siku ile ni War Robots, uliotolewa na kampuni ya Pixonic mwaka 2014. Una sehemu mbili. Kwanza upo bandani: unachagua mashine, unaifunga bunduki, makombora au ngao, unapima kipi kinafaa wapi. Kisha unaingia uwanjani, sita kwa sita, na pale hakuna tena kupima. Ni kupiga, kujificha nyuma ya ukuta na kufa. Sehemu ya kwanza ni ya fundi na ya pili ni ya askari. Kijana yule alikuwa amezitenganisha kwa viambishi tu.

Kabla ya kumtetea, tuanze na neno lenyewe. *Roboti* halikuzaliwa kwenye karakana, lilizaliwa jukwaani. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, aliandika tamthilia aliyoiita R.U.R., iliyoonyeshwa Prague mwanzoni mwa 1921. Ndani yake kuna kiwanda kinachotengeneza watu bandia wa kufanya kazi zote. Čapek hakuwa na jina la kuwaita. Alifikiria kuwaita *labori*, kwa kufuata Kilatini, lakini halikumpendeza. Akamwendea kaka yake Josef, mchoraji, aliyekuwa kazini mbele ya turubai, na Josef ndiye aliyempa jina: *roboti*. Limetoka kwenye *robota*, neno la Kicheki la zile siku ambazo mkulima alilazimika kulima shamba la bwana bila ujira, desturi iliyofutwa katika milki ya Austria mwaka 1848.

Sisi tuna neno la jambo hilo: shokoa. Kazi ya shokoa ni kazi ya nguvu isiyo na malipo, na wazee wa Tanganyika hawakuhitaji kamusi kulijua. Kama Josef angekuwa Mswahili, basi leo vijana wangecheza “Vita vya Washokoa”, na kila mtu angejua mara moja tunazungumza juu ya nini. Neno lilipotufikia kwa njia ya Kiingereza lilikuwa limekwisha kuvuliwa historia yake, limebaki bati na taa. Ndiyo kawaida ya maneno yanayosafiri mbali.

Nikiwa hapo hapo, niseme jambo ambalo halina uhusiano na lingine lolote ila linanifurahisha. Kiswahili kina *robota* lake: mzigo uliofungwa na kukazwa, marobota ya nguo, marobota ya pamba. Hilo limetoka katika Kiarabu, kwenye shina la kufunga. Siku hizi wauza mitumba husema zaidi *belo*, lakini robota bado limo kamusini. Robota la Prague na robota la mitumba hawajuani kabisa, ingawa ukiwafikiria wapagazi wa misafara, waliotembea miezi na marobota vichwani, unaweza kudhani kuna mtu aliyewakutanisha kwa makusudi.

Sasa nigusie jambo ambalo mtu wa Sumbawanga huligusa kwa tahadhari. Jina la mji wetu hufasiriwa “tupa uchawi”. Ajabu ni kwamba mji uliojitangaza kuwa umeutupa ndio unaotaniwa kwa uchawi nchi nzima. Ukijitambulisha Dar es Salaam kuwa umetoka Rukwa, mkoa wetu, mtu atakuuliza kama umekuja na radi mfukoni. Tumezoea. Lakini katika simulizi hizo za uchawi, ambazo haziko kwetu Ufipa peke yake, yumo kiumbe mmoja ambaye mwanaistilahi hapaswi kumpita bila salamu. Ni msukule, wengine humwita ndondocha. Ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe, kwa imani hiyo, amechukuliwa na kufichwa, amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba na kulimishwa usiku shamba la aliyemchukua. Hadai ujira wala halalamiki.

Huyo ndiye roboti wa Čapek. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: roboti wa R.U.R. hawakuwa wa chuma. Walikuwa wa nyama bandia, iliyokorogwa mapipani, na kwa sura hukuweza kuwatofautisha na watu. Chuma kilikuja baadaye. Kwa hiyo, kama mwaka 1921 mtu angetakiwa kuileta tamthilia ile katika Kiswahili, *misukule* lingekuwa neno sahihi zaidi kuliko tafsiri nyingi zilizopatikana katika lugha nyingine. Tofauti ni mwisho wa hadithi tu. Misukule wa simulizi zetu hubaki watumwa mpaka mtu awaokoe. Wale wa Čapek waliasi wakawamaliza binadamu, wakambakiza mmoja.

Sipendekezi tuwaite misukule hawa wa kwenye simu. Neno limebeba hofu nyingi mno, na zipo familia zilizoumizwa na tuhuma za namna hiyo kiasi kwamba si la kuchezea. Ninachosema ni kwamba tunapolalamika kuwa Kiswahili hakina neno, mara nyingi kinalo ila limekaa chumba tusichopenda kukifungua.

Tukirudi kibandani, kuna swali gumu zaidi: je, kinachopigana kwenye simu ile ni roboti kweli? Roboti kwa maana ya kiufundi ni mashine inayotenda yenyewe kwa kufuata maagizo iliyopewa kabla. Ile ya yule kijana ina rubani, na rubani ni yeye, kwa vidole gumba viwili. Hata mashindano ya mashine halisi yaliyoanzishwa na Marc Thorpe kule San Francisco mwaka 1994, yaliyozaa vipindi maarufu vya televisheni vya misumeno na nyundo, yalikuwa zaidi ni ya mashine zinazoendeshwa kwa rimoti. Aliyetaka roboti kamili alipaswa kurudi nyuma hadi 1981, kwenye mchezo wa RobotWar ulioandikwa na Silas Warner kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Humo huendeshi chochote. Unaandika programu: tafuta adui upande huu, ukimwona piga, ukipigwa hama. Ukishamaliza unaipeleka uwanjani, unakunja mikono, unatazama akili uliyoipa ikishinda au ikikuaibisha. Kwa mawazo yangu hakuna mchezo wa jamii hii ulioufikia kwa unyofu, na wala hauna picha za kupendeza.

Mashabiki wa katuni za Kijapani wameiona tofauti hii. Jitu kubwa la chuma ambalo mtu hukaa ndani na kuliendesha, kama yale ya mfululizo wa katuni za Gundam ulioanza 1979, wao hawaliiti roboti tu. Wana neno *meka*, ambalo Wajapani walilikata kutoka kwenye neno la Kiingereza la mambo ya mitambo. Nasi tunalo letu, na nimekwisha kuliandika hapo juu bila kukusudia: jitu. Ni *mtu* aliyekuzwa kwa kiambishi. Jitu la chuma. Sina haja ya kukopa meka wakati mofolojia yenyewe imeniletea mtu mkubwa kuliko mtu. Zaidi ya hapo, jitu tayari linafanya kile alichofanya kijana wangu: mmoja husema “jitu limekuja”, mwingine “jitu amekuja”, na hadithi zetu zimeendelea vizuri kwa karne nyingi.

Lakini sijidanganyi. Mitaani *roboti* limeshinda. Wingi wake wengine huacha hivyo hivyo, wengine husema *maroboti*. Na ukivuka mpaka, Mbala, safari fupi tu kutoka hapa, utaelekezwa kwa Kiingereza cha huko kwamba ugeuke kushoto ukifika kwenye roboti, nao wanamaanisha taa za kuongozea magari. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Zambia hulijua hilo. Hata umeme ambao kwa miaka mingi umewasha vibanda vyetu vya gemu ulinunuliwa huko huko, hivyo neno nalo lingeweza kabisa kuja na nguzo.

Hapo ndipo narudi kwenye ngeli. Magazeti hayajakubaliana. Oktoba 2017, Saudi Arabia ilipotangaza kumpa uraia roboti aitwaye Sophia, ungeweza kusoma *roboti huyo* mahali pamoja na *roboti hiyo* mahali pengine. Watungaji wa kamusi hupenda tuchague: ikiwa ni kitu, I-ZI, ikiwa ni kiumbe, A-WA. Kijana wa Sumbawanga hakuchagua, na naanza kuamini kuwa anayo kanuni iliyo nyoofu kuliko yetu. Bandani, roboti *inafungwa*. Uwanjani, *anakufa*. Kinachobadilika ni kazi anayoifanya msemaji.

Hata kitenzi alichokitumia kina akili. Kiingereza kina neno moja la kutengeneza nyumba, meli na mashine hizi. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Nyumba hujengwa. Chombo cha baharini huundwa. *Kuunda*, kabla halijawa neno la kamati na tume, lilikuwa la mafundi wa majahazi, la kuunganisha mbao na mbao. Chuma hufuliwa. Kipuri huchongwa. Injini hufungwa. Katika Armored Core, mchezo wa PlayStation uliotoka mwaka 1997, mchezaji huchagua kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu na jenereta, na miguu ikizidiwa na uzito huruhusiwi kutoka. Hiyo ni kuunda hasa, kwa maana ya kale ya pwani. Katika War Robots mashine unaikuta imekamilika, kazi yako ni silaha. Kwa hiyo ni kufunga, kama fundi wa gereji anavyofunga rejeta. Hakuna aliyemfundisha kijana yule tofauti hiyo. Ameirithi kwa mafundi wa mtaani.

Na kama angepanda kilima akatazama nyanda hizi, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, angekuta mafundi wa zamani zaidi. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Matanuri yao, malungu, yalijengwa kwa udongo kufikia kama mita 3 kwenda juu, na baadhi yangali yamesimama, hasa upande wa Nkasi. Hayakuhitaji mivukuto: matundu yaliyotobolewa chini yalivuta hewa yenyewe, moto ukapanda kama bomba la moshi linavyofanya. Kilichotoka humo kilikuwa chuma kichafu, chenye takataka, nacho kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambapo sasa mivukuto ilifanya kazi mpaka chuma kikafaa kwa majembe na shoka. Majembe ya dukani yalipoenea, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kazi hiyo ikafa.

Matanuri hayo nayataja kwa sababu ya jambo moja. Wakati wa kulijenga, ilungu lilikuwa udongo. Lilikandwa, likapandishwa, likatobolewa. Lilipokuwa tayari kwa kazi, lilihesabiwa kuwa bi harusi. Lilitendewa kama mwanamke anayetarajiwa kuzaa, na chuma ndicho mtoto. Mafundi wale hawakuwa wamechanganyikiwa kati ya udongo na mtu. Walijua vizuri sana udongo wameuchota wapi. Ila ukishawasha moto kwenye kitu ulichokijenga kwa mikono yako, na usiku kucha hujui kitakupa nini, *lina-* haitoshi tena kinywani.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa na wanaoandaa kamusi, ningewaomba waandike *roboti* na mbele yake ngeli zote mbili bila aibu, na *jitu la chuma* kwa lile lenye rubani. Kama hawatauliza, haidhuru.

Mpwa wangu hakuwepo kibandani. Nikiwa naondoka nilimwona yule kijana ameacha kubonyeza, anaitazama simu kwa uso wa msiba, na roboti wake amesimama katikati ya uwanja, mguu mmoja juu.

“Ameuawa?” nikamwuliza.

“Hapana, anko. Imeganda. Bando limekata.”