Curt Flood na barua ya mkesha wa Krismasi

Oktoba 1969, alfajiri, simu ililia nyumbani kwa mchezaji wa besiboli Curt Flood, St. Louis. Afisa wa ngazi ya kati wa timu yake, Cardinals, hata si mwenye timu, alimwarifu kwamba amepelekwa Philadelphia Phillies. Hiyo ndiyo heshima aliyopewa baada ya misimu 12 na Cardinals.

Nilipokuwa katibu wa timu ya mpira mtaani kwetu Tanga, nilijaza fomu nyingi za uhamisho, na hata kijana wa daraja la chini kabisa alitia saini kwa mkono wake. Katika besiboli ya Marekani ya wakati ule saini ya mchezaji haikuhitajika. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoiwezesha timu kumshikilia mwaka hadi mwaka, au kumuuza bila kumuuliza. Asiyetaka aache kucheza.

Na Flood hakuwa mchezaji wa kubabaisha. Kuanzia 1963 hadi 1969 alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, kila mwaka, na 1966 alimaliza msimu mzima bila kosa lolote la ulinzi. Wako wanaomkumbuka kwa mpira mmoja tu uliompita kichwani katika fainali ya 1968. Hawamtendei haki.

Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka. Wengi walimwona hana shukrani. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alimwonya mapema kwamba kesi huenda ikamaliza kazi yake. Hata hivyo Flood akafungua kesi kukipinga kifungu kile. Jackie Robinson, aliyekwisha kustaafu, alikwenda kumtolea ushahidi. Miongoni mwa waliokuwa bado uwanjani hakutokea hata mmoja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Juni 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa majaji 5 dhidi ya 3, ikishikilia hukumu yake ya 1922 iliyoiweka besiboli nje ya sheria za ushindani wa biashara. Kufikia hapo alikuwa ameshacheza mechi 13 tu na Washington, 1971, akaondoka kwenda Majorca.

Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliwapa wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally uhuru kutoka kwenye kifungu kile. Mlango ukafunguka kwa wenzao wote, Flood akiwa na miaka 37 na keshaacha kucheza. Alifariki Januari 1997. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina lake. Cooperstown, kwenye jumba la mashuhuri wa besiboli, hawajamwingiza. Kwa zile glavu 7 peke yake, mimi ningemwingiza.