Shamba lililogeuka makao ya ndege: historia ya utalii wa ndege kisiwani Trinidad

Kisiwa cha Trinidad, kilicho kusini kabisa mwa Bahari ya Karibi, kimetengwa na Venezuela kwa mlangobahari ambao katika sehemu yake nyembamba una upana wa kilomita 11 hivi, na kwa kuwa hapo kale kilikuwa kimeungana na bara la Amerika ya Kusini, misitu yake ina ndege wengi wa bara wasioonekana katika visiwa jirani. Hata hivyo, wingi huo wa ndege peke yake usingeleta wageni kama pasingekuwapo watu walioamua kuuhifadhi msitu.

Historia hiyo inaanzia katika Bonde la Arima, kaskazini mwa kisiwa, eneo la mashamba ya kakao na kahawa. Mwaka 1949 mtaalamu wa viumbe kutoka Marekani, William Beebe, alinunua nyumba bondeni humo na kuifanya kituo cha utafiti kilichoitwa Simla. Karibu na hapo palikuwa na shamba la Spring Hill, lililonunuliwa mwaka 1947 na Newcome Wright pamoja na mkewe Asa, mzaliwa wa Iceland, ambaye baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1955 aliendelea kuwapokea wataalamu na wapenzi wa ndege.

Kilichowavuta zaidi ni pango la Dunston, lililomo ndani ya shamba hilo, ambamo huzaliana guacharo, yaani ndege wa mafuta, anayeruka usiku kutafuta matunda na ambaye gizani hujiongoza, kama popo, kwa mwangwi wa sauti zake fupi za kualika, ambazo hata sikio la binadamu huzisikia. Makinda yake hunenepa hadi kuwazidi wazazi wao uzito, na kwa sababu hiyo watu waliwakamata na kuwachemsha ili kupata mafuta. Mtaalamu wa ndege David Snow, aliyefanya kazi Simla kati ya 1957 na 1961, aliwachunguza ndege hao kwa makini, na utafiti wake ukalitangaza bonde hilo miongoni mwa wanasayansi.

Kwa kuhofia kwamba shamba lingeangukia mikononi mwa watu ambao wangeufyeka msitu, marafiki wa Asa Wright, akiwamo mchoraji wa ndege Don Eckelberry, walichangisha fedha za kulinunua, na mwaka 1967 likawekwa chini ya wakfu, yaani mali inayosimamiwa kwa manufaa ya umma wala si kwa faida ya mtu binafsi. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kituo cha Mazingira cha Asa Wright, na mwaka 1974 Simla nayo ikakabidhiwa kwa kituo hicho.

Upande wa magharibi, katika kinamasi cha Caroni, kwarara wekundu, ambao rangi yao hutokana na kaa na wadudu wa majini wanaowala, hurejea kulala katika mikoko jua linapotua, huku wageni wakiwatazama kutoka mashuani. Kwarara huyo ni ndege wa taifa tangu uhuru wa mwaka 1962, lakini aliendelea kuwindwa kwa ajili ya kitoweo, hata serikali ikalazimika mwaka 2018 kumpa ulinzi maalumu wa kisheria wenye adhabu ya faini kubwa na kifungo.

Trinidad imethibitisha kwamba utalii wa ndege hauanzi na hoteli, bali huanza na msitu na mikoko iliyoachwa isimame.