Ubongo Usiolala: Kugunduliwa kwa Usingizi wa Ndoto

Hadi kufikia miaka ya 1940, wanasayansi wengi wa Ulaya na Marekani waliuchukulia usingizi kuwa ni ubongo kupumzika tu, na imani hiyo ndiyo iliyoamua hata namna ya kuupima. Mwaka 1929 Hans Berger wa Ujerumani alikuwa ameshatangaza kwamba umeme hafifu wa ubongo unaweza kunaswa kwa elektrodi, yaani vipande vidogo vya metali vinavyobandikwa kichwani, ukachorwa kama mawimbi kwenye karatasi. Hata hivyo, kwa kuwa karatasi ilikuwa na gharama na hakuna aliyetarajia jipya kwa mtu aliyekwisha kulala fofofo, maabara nyingi zilirekodi dakika chache za usiku, kisha zikaizima mashine.

Aliyekiuka desturi hiyo ni Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa Nathaniel Kleitman katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwishoni mwa mwaka 1951 aliichukua mashine kongwe iliyokuwa imetelekezwa katika ghorofa ya chini ya jengo la chuo, akambandika mwanawe wa miaka 8 elektrodi kandokando ya macho, akaziacha kalamu zichore usiku kucha, kazi iliyomeza karibu mita 800 za karatasi kwa usiku mmoja. Baada ya kitambo kirefu cha utulivu, kalamu zilianza kurukaruka kana kwamba mtoto ameamka na anaangaza huku na huku, lakini baba alipoingia chumbani alimkuta amelala, kope zimefumba. Aserinsky aliishuku mashine kwanza, akaikagua, na michoro ikajirudia vilevile. Naye Kleitman, aliyekuwa mgumu wa kusadiki, hakuridhika mpaka alipomchunguza binti yake mwenyewe.

Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwezi Septemba 1953. Kati ya mara 27 walizowaamsha watu wakati mboni zikienda mbio, mara 20 walisimuliwa ndoto zenye maelezo kamili, ilhali katika mara 23 ambazo macho yalikuwa yametulia, mara 19 waliolala hawakukumbuka lolote. Mwaka 1957 William Dement na Kleitman walionyesha kwamba vipindi hivyo hurejea kwa mzunguko, takriban kila dakika 90.

Huko Lyon, Ufaransa, Michel Jouvet aliwachunguza paka, na mwaka 1959 akaiita hali hiyo usingizi kinzani, kwa sababu ubongo hufanya kazi kama wa kiumbe aliye macho huku misuli ikiwa imelegea kabisa. Alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, yaani sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, paka waliinuka wakiwa usingizini, wakanyatia na kurukia mawindo yasiyokuwepo. Kulegea kule, kwa hiyo, hakukuwa uchovu wa mwili hata kidogo, bali amri inayotolewa na ubongo wenyewe ili ndoto isigeuke kitendo.