Namba ya Simu Kutoka Eastleigh

Kila nikipita Moi Avenue nikielekea stage, macho huenda yenyewe kwa ile bustani ya kumbukumbu. Hapo ndipo bomu lilipopasua ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 na kuangusha Ufundi House. Nairobi peke yake walikufa watu 213. Shangazi yangu alikuwa tao siku hiyo. Mpaka leo hakai karibu na dirisha.

Stori ambayo sikufunzwa shuleni ni ya namba ya simu. Mohamed al-Owhali alikuwa afe na lori lile, lakini akatoroka dakika ya mwisho. Alikamatwa Eastleigh siku chache baadaye, na hapa hapa Nairobi akawatajia FBI namba ya nyumba moja Sanaa, Yemen.

Namba hiyo ilikuwa dhahabu. Mwisho wa 1999, majasusi wa Marekani walioisikiliza walijua kuna vijana wanaenda mkutano Kuala Lumpur. CIA wakamfuata mmoja wao, Khalid al-Mihdhar, wakaona paspoti yake ina viza ya Marekani. Sasa sikia hii: afisa wa FBI aliyekuwa ameazimwa kufanya kazi ndani ya CIA aliandika ujumbe wa kuwaambia wenzake. Ukazuiwa. Tarehe 15 Januari 2000, Mihdhar na Nawaf al-Hazmi walitua Los Angeles, kisha wakaishi San Diego kwa majina yao halisi. Jina la Hazmi lilikuwa hata kwenye kitabu cha simu! Waliwekwa kwenye orodha ya kusakwa mwisho wa Agosti 2001. Wiki chache baadaye, 11 Septemba, walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon.

Wamarekani walilaumu "ukuta", yaani masharti ya 1995 yaliyobana habari za ujasusi zisipite ovyo kwenda kwa wanaoendesha kesi za jinai. Watu waliuogopa hata pale ambapo haukuwazuia. Nikisoma hayo nilikasirika sana. Kumbe namba ilitoka kwetu, kwa damu yetu, halafu watu wakaikalia?

Lakini ukuta haukujengwa bure. Ulikuwepo ili polisi wasipitie mlango wa majasusi kukwepa hakimu. Sisi tunajua nchi isiyo na ukuta inafananaje. Special Branch ilizaliwa ndani ya polisi, na miaka ya themanini anayekuchunguza, anayekukamata na anayekutesa walikuwa kitu kimoja. Waulize walioshukiwa kuwa Mwakenya. Ni sheria ya 1998, mwaka ule ule wa bomu, iliyounda idara ya ujasusi isiyo na mamlaka ya kukamata.

Kwa hivyo nikiulizwa niko upande gani, nakwama. Ningetaka ule ujumbe ufike. Ila mwaka jana nilienda Nyayo House kufuata paspoti, nikapanga foleni saa tatu nzima, na vile vyumba bado viko huko chini.