Haki ya Mguu

Katika Uingereza, kiangazi kikiisha na mwezi wa Septemba ukiingia, miti huanza kubadili vazi lake. Majani ya mialoni huacha ukijani, hugeuka manjano, kisha hudhurungi, na mwisho hupukutika yakaifunika ardhi kama busati. Katika majira hayo, kabla ya baridi kali kushika nchi, marafiki wa mijini huwa na desturi ya kuagana kutembea mashambani. Hupanda gari moshi asubuhi, huteremka katika kituo kidogo, hutembea maili nane au kumi kwa vijia vinavyokata makonde na malisho, na adhuhuri huingia katika baa ya kijiji, ambamo moto huwaka ukutani, wakala nyama ya kuoka na viazi na kuteremshia bia. Mgeni akiwaona hudhani kuwa hiyo ni starehe tu, isiyostahili wino wa mwanahistoria. Walakini kila hatua ya matembezi hayo iliwahi kuwa na daawa, na wako waliokwenda gerezani kwa ajili yake.

Asili ya vijia hivyo ni kazi, si matembezi. Wakulima walivikanyaga wakienda kondeni, sokoni, kanisani na makaburini. Kwa sheria ya kale ya Waingereza, njia iliyokwisha kuwa ya watu wote hubaki ya watu wote, ijapokuwa ardhi inayopitiwa ni mali ya mtu mmoja. Mwenye ardhi ana udongo wake, na mpita njia ana haki yake ya kupita. Lakini kati ya 1750 na 1850 Bunge lilipitisha sheria zipatazo 4,000 za kuzungushia ua mashamba na malisho yaliyokuwa yakitumiwa kwa shirika. Mwaka 1815 ilitungwa sheria nyingine iliyowapa mahakimu wawili wa wilaya uwezo wa kufunga njia yo yote waliyoiona haina haja. Mahakimu hao aghalabu walikuwa wao wenyewe ni wenye mashamba makubwa. Ikawa kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Ndiyo sababu mwaka 1826 watu wa Manchester, mji wa viwanda na moshi, waliunda chama cha kulinda njia za kale za miguu. Mfanyakazi aliyeshinda siku sita kiwandani hakuwa na bustani. Bustani yake ilikuwa kijia kile.

Kutembea kwa ajili ya kutembea kulianza kupata heshima miongoni mwa wasomi. Mwaka 1879 Leslie Stephen, mwandishi ambaye baadaye alikuwa mhariri wa kwanza wa kamusi kubwa ya wasifu wa Waingereza mashuhuri, na baba wa Virginia Woolf, aliunda pamoja na rafiki zake kundi lililojiita Wazururaji wa Jumapili. Majani yalipoanza kupukutika ndipo msimu wao ulipofunguliwa, na kila baada ya wiki mbili walitoka London kwa gari moshi kwenda kutembea katika vilima vya Surrey na Kent. Pengine walifika Box Hill kwa George Meredith, mwandishi wa riwaya. Walikuwa wanasheria, wanafalsafa na walimu wa vyuo vikuu, na hawakuona haya kukata njia katika ardhi ya watu. Mmoja wao, Frederick Pollock, bingwa wa sheria, aliwatungia tamko la kumsomea mlinzi ye yote atakayewazuia, kwamba hawadai haki yo yote ya kupita hapo. Wakisha kulitamka kwa pamoja, waliendelea na safari yao. Kwao kuingilia ardhi ya mtu kulikuwa mzaha wa wastaarabu, wala hapana aliyefungwa.

Chakula cha adhuhuri nacho kina historia yake. Tangu zamani sheria ya Uingereza ilimlazimisha mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri na kumlisha, maadamu ana nafasi na msafiri ana fedha. Sheria za leseni za 1872 na 1874 ziliamuru baa zifungwe saa nyingi za Jumapili, lakini zilimtoa katika amri hiyo msafiri wa kweli, yaani mtu aliyelala usiku uliotangulia mahali palipo umbali wa maili tatu au zaidi. Msomaji aliyezoea fikihi ya safari, ambamo umbali humpa msafiri ruhusa ya kufungua saumu na kupunguza sala, hataona ajabu kwamba maili ziligeuzwa kuwa haki. Hivyo mtembezi alibisha hodi kwenye baa iliyofungwa, akaulizwa alikotoka, akahesabiwa maili zake kabla ya kuhesabiwa fedha zake. Ruhusa hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa kwa sheria ya 1921.

Hapo ndipo ulipo mgongano uliowachoma wafanyakazi wa kaskazini. Sheria moja ilimfungulia mtu mlango wa baa kwa sababu ametembea. Nyingine ilimfungia mlima kwa sababu hiyo hiyo. Kati ya Manchester na Sheffield imesimama nyanda ya juu iitwayo Kinder Scout, ambayo kilele chake kina futi 2,088. Palikuwa mahali pa watu kuwindia ndege wa jamii ya kwale, na msimu wa kuwapiga huanza tarehe 12 Agosti na kwisha tarehe 10 Desemba. Basi majira yaliyo mazuri kuliko yote kwa kutembea yakawa ndiyo magumu kuliko yote kwa mtembezi. Tena, sheria ya mawindo ya 1831 ilikataza kupiga ndege hao siku ya Jumapili, nayo ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo mfanyakazi. Mlima ulikaa bila bunduki siku hiyo, na bado walinzi waliwarudisha watu, wakisema kwamba miguu yao itawashtua ndege.

Jumapili ya tarehe 2 Septemba 1900, G. H. B. Ward, fundi wa mitambo wa Sheffield, aliongoza kundi dogo kuizunguka Kinder Scout. Walishuka garini Edale, wakaenda mpaka Hayfield, kisha wakafuata njia iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa juhudi za chama cha kulinda njia, njia iteremkayo mpaka kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Snake Inn. Matembezi hayo ndiyo yaliyozaa chama cha watembezi wa Clarion cha Sheffield. Ward alipita akiuliza wazee majina ya kale ya vilima na vijito, akitafuta njia zilizosahauliwa, na kuyachapa aliyoyapata katika vijitabu vya mfukoni. Mwaka 1923 wenye ardhi walimpelekea hati ya mahakama ya kumkataza kukanyaga Kinder. Yule aliyeijua nchi hiyo kuliko walinzi wake akakatazwa kuiingia.

Tarehe 24 Aprili 1932 subira ya vijana ilikwisha. Watu wapatao 400, wengi wao kutoka Manchester, waliondoka Hayfield wakaupanda mlima hadharani, wakiongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Walipambana kidogo na walinzi, na mmoja wa walinzi akaumia. Vijana watano walihukumiwa Derby vifungo vya miezi miwili mpaka sita, na Rothman alipata minne. Viongozi wengi wa vyama vya watembezi hawakukipenda kitendo hicho, wakihofu kuwa kitaharibu majadiliano ya miaka mingi. Lakini ukali wa hukumu uliwageuza hata waliokuwa wakilaumu. Msomaji na aziweke Jumapili mbili hizo pamoja: ile ya wasomi wa Surrey waliotamka maneno yao wakapita, na ile ya vijana wa viwandani walioimba wakafungwa. Kosa lilifanana, tofauti ilikuwa katika mavazi, lafudhi na idadi.

Haki ilirudi kidogo kidogo. Mwaka huo huo wa 1932 ilipitishwa sheria, iliyokuwa ikihangaika bungeni tangu zamani, iliyosema kwamba njia iliyopitwa na umma kwa miaka 20 bila kuzuiwa ihesabiwe kuwa ya umma. Sheria ya 1949 iliziamuru halmashauri kuchora njia zote katika ramani, na ikaweka msingi wa hifadhi za taifa. Ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 1951, ni ile yenye Kinder Scout ndani yake. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu watu kutembea kwa miguu milimani na katika nyanda za namna hiyo hata pasipo njia. Mwaka 2002, miaka 70 baada ya tukio lile, Duke wa Devonshire, ambaye jamaa yake ilikuwa na ardhi huko, alikwenda mbele ya watu akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa. Rothman alikuwa amekufa miezi michache tu kabla ya hapo.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Historia ya vijia vya Uingereza yaonyesha kwamba kumpisha mwenye nguvu kila siku ndiko kunakomfanya awe na nguvu. Haki ya kupita haikai katika karatasi peke yake. Njia isiyopitwa huota majani, ua husogea, lango hutiwa kufuli, na baada ya kizazi kimoja hapana shahidi atakayekumbuka kuwa pale palikuwa na njia. Kwa hiyo wale marafiki wanaotoka Oktoba na viatu vyao vyenye matope, wakicheka na kuulizana baa iko umbali gani, wanatoa ushahidi wala hawajui.